Hita ya bafuni, tanki la umeme au hita ya gesi? Ulinganisho kwa nyumba za Mwanza, kuanzia siku itakapozima

Mteja akiniuliza anunue hita gani ya maji ya kuoga, huwa namrudishia swali. Siku itakapozima saa kumi na moja alfajiri na kuandika namba ya hitilafu, tuseme E2, kwenye kioo chake kidogo, wewe uko safarini na watoto wanajiandaa kwenda shule, nani ataiwasha tena? Na atajuaje kama ni salama kuiwasha? Bei ya dukani unailipa mara moja. Kuzima kutajirudia, kwa sababu umeme hukatika, LUKU huisha, na maji ya bomba hukata kisha hurudi yakiwa na hewa na kutu.

Kwa hiyo nalinganisha aina tatu ambazo watu wa huku huzigombania. Hita ya bafuni ni ile inayopasha maji yakiwa yanapita, iwe kichwa cha bafu chenye koili ndani au kiboksi cha ukutani chenye kioo na vitufe. Tanki la umeme ni lile la lita 30, 50 au 80 linalopasha maji na kuyatunza. Hita ya gesi nayo hupasha maji yakipita, ila kwa moto wa mtungi. Sola nimeiacha makusudi. Ni chaguo zuri kwa mwenye paa lake, lakini ina hesabu zake, na ile yenye koili ya akiba, upande wake wa umeme unatengenezwa kama tanki tu.

Vigezo vyangu ni vitano: presha ya maji yako, hali ya waya na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), gharama ya joto, nini cha kufanya ikizima, na hatari zake. Cha nne ndicho nitakachokalia zaidi, maana wauzaji hukipita haraka.

Presha ya maji

Maji ya ziwa husafishwa Capri Point na Butimba, kisha husukumwa kupanda vilima. Anayekaa chini hupata presha kubwa. Anayekaa juu kwenye mawe, Bugando, Isamilo au Mabatini, mara nyingi hutegemea simtanki lake. Simtanki hutoa presha ya baa 0.1 kwa kila mita moja ya kimo kati ya maji na kichwa cha bafu. Ukiliweka kwenye kichanja cha mita tatu na bafu likawa mita mbili kutoka chini, umebaki na baa 0.1 tu.

Hita ya bafuni ina swichi inayosukumwa na mkondo wa maji. Mkondo ukiwa dhaifu, swichi haifungi na koili haiwaki. Zipo zinazokubali presha ndogo, zipo zenye pampu ndani. Soma kiwango cha chini kwenye boksi kabla hujalipa. Hita ya gesi ni mkaidi zaidi: nyingi zinataka karibu lita tatu kwa dakika ndipo zifungue gesi. Tanki ndilo pole kuliko zote kwa presha ndogo, kwa kuwa linapasha maji yaliyotulia. Shida yake ni presha kubwa ya moja kwa moja kutoka bombani, hasa usiku mji ukilala. Hapo fundi bomba afunge valvu ya kupunguza presha.

Waya, ethi na mtungi

Hita ya bafuni ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24 kwa volti 230. Soketi ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Ile swichi ya hita yenye taa nyekundu ambayo mafundi wengi huifunga ni ya ampea 20. Nimefungua swichi za namna hiyo nikakuta plastiki imegeuka kahawia, waya umekakamaa kwenye skrubu na ganda lake limesinyaa, ilhali mwenye nyumba alilalamika tu kwamba hita inazimazima. Hita yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Inataka waya wake peke yake kutoka meni swichi, milimita za mraba 4 au zaidi, breka ya ampea 32, na swichi inayoweza kubeba mzigo huo.

Halafu kuna volti. Jioni mtaa mzima ukiwasha, volti inaweza kushuka. Ikifika 190, hita ya kilowati 5.5 hubaki na takribani 3.75, kwa sababu nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Maji yaliyokuwa yakipanda nyuzi 14 yatapanda nyuzi 9 na nusu kwa mkondo uleule. Watu hudhani koili imekufa, wanunua nyingine, na jioni inayofuata maji ni ya vuguvugu vilevile.

Tanki la kilowati 1.5 huvuta ampea 6.5. Soketi nzuri inalimudu, na volti ikishuka linachelewa tu kupata moto. Hita ya gesi ya kawaida haitaki umeme wa TANESCO kabisa. Betri mbili kubwa zinatosha kutoa cheche. Ila ina "waya" wake: mtungi, regyuleta na mpira. Mtungi wa kilo 6 unaipa shida, maana gesi huchukuliwa haraka kuliko inavyoweza kugeuka mvuke. Mtungi hupata ubaridi na moto hufifia. Anza na kilo 15.

Sasa ethi, jambo linalonikera kuliko yote katika mji huu wa mawe. Ethi rodi inatakiwa kuzama ardhini kwenye udongo wenye unyevu. Huku kwetu fundi akigonga, nyundo inadunda: amekutana na jiwe. Nimekuta rodi zimekatwa kwa msumeno, kipande kifupi kimefukiwa juujuu ili waya wa kijani uonekane umeingia chini. Nyumba ya hivyo haina ethi. Kabla ya kufunga hita yoyote ya umeme, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi kwa kifaa, asikisie kwa macho. Jiwe likikataa, rodi zaidi ya moja zinaweza kutawanywa mahali penye udongo na kuunganishwa. Na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30 iwepo bila mjadala, kwa hita ya bafuni na kwa tanki pia.

Gharama ya joto

Maji hayajui yamepashwa na nini. Uniti moja ya umeme hupandisha lita 86 kwa nyuzi 10, basi. Maji ya simtanki asubuhi tuseme yana nyuzi 24, na unaoga ya nyuzi 38. Hita ya kilowati 5.5 itakupa kama lita 5.6 kwa dakika, na dakika kumi za kuoga zitakula uniti 0.92. Kwa mteja wa T1, kundi la TANESCO la matumizi ya kawaida, anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 330.

Aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, asome hapa mara mbili. Watu wanne wakioga dakika kumi kila siku kwa hita hiyo, ni uniti 110 kwa mwezi kabla hujawasha hata taa. Bei ya uniti zinazozidi 75 ni nyingine kabisa.

Tanki la lita 50, kutoka nyuzi 24 hadi 60, hula uniti 2.1 na kuchukua karibu saa moja na nusu kwa koili ya kilowati 1.5. Maji hayo ukiyachanganya na ya baridi yanawatosha watu wawili au watatu. Ukiliacha linawaka mchana na usiku, linapoteza uniti nyingine moja hivi kwa siku bila mtu kuoga. Liwashwe kwa saa, si kwa mazoea.

Gesi: kilo moja ina joto la kama uniti 12.8, na baada ya linalopotea hewani hubaki karibu 11. Basi chukua bei ya mtungi mtaani kwako, gawa kwa kilo, kisha gawa kwa 11. Ikipatikana chini ya 356, gesi ni nafuu kuliko umeme wa T1. Hesabu hii ifanyie dukani, kwa bei ya siku hiyo.

Ikizima: kuriseti na kusoma namba za hitilafu

Namba kwenye kioo ina maana kwamba kinga imefanya kazi. Kifaa kimeona jambo, kimejizima, kimekuandikia sababu. Shida ni kwamba kila kiwanda kina orodha yake. E1 ya hita ya gesi mara nyingi ni moto uliokataa kuwaka. E1 ya tanki la umeme inaweza kuwa sensa (kihisi cha joto), au umeme unaovuja. Rinnai ya Japani kwa hitilafu za moto huandika namba tupu: 11 ni moto haukuwaka, 12 ni moto umezimika katikati. Usikubali tafsiri ya jirani mwenye hita ya kampuni nyingine. Kata ukurasa wa namba kwenye kitabu chake, uubandike ndani ya mlango wa kabati.

Mambo mawili ni ya aina zote. Piga picha ya kioo kabla ya kuzima chochote, kwa sababu ukishakata umeme namba nyingi hufutika na fundi ataanza kubahatisha. Pili, riseti ni mara moja. Ikishika, endelea kuitumia ukiiangalia. Ikirudisha namba ileile, umeshapata jibu, na kubonyeza tena na tena ni kuilazimisha ikae kimya.

*Hita ya bafuni.* Zima breka yake, subiri dakika kadhaa ipoe. Fungua maji ya baridi yapite mpaka yaache kukoroma. Hewa iliyobaki baada ya maji kukata ndiyo huunguza koili, kwani kinachopita hakina uwezo wa kuchukua joto. Safisha kichujio cha wavu mdogo kwenye mdomo wa kuingizia maji. Maji ya bomba yakirudi baada ya kukata siku nzima, wavu huo hujaa mchanga mwekundu na vipande vya kutu, mkondo unapungua, na kinga ya joto inakata. Rudisha breka, bonyeza kitufe cha riseti mara moja. Ikiwa ni kinga ya kuvuja umeme iliyokata na inakata tena hapohapo, simama. Koili imepasuka ganda, umeme unagusa maji. Hapo hakuna kubonyeza, hakuna kuondoa waya wa ethi "ili ikae". Kile kichwa cha bafu kisicho na kioo hakina namba wala riseti: kinapasha au hakipashi. Fundi apime koili umeme ukiwa umekatwa. Ya kilowati 5.5 inasoma karibu omu 9.6, na mita isiposoma kitu, imekatika. Koili yake hubadilishwa kwa urahisi, na hilo ni jambo zuri kwa upande wake.

*Tanki la umeme.* Hapa ndipo riseti ilipo halisi, na ndipo watu huiogopa bila sababu au huichezea bila woga. Kuna kitufe cha R kwenye plagi au breka yake, hicho ni cha kuvuja umeme. Kuna na kitufe kidogo kwenye thamostati (kidhibiti cha joto), kimejificha nyuma ya kifuniko cha chini, mara nyingi chekundu. Hicho hukata joto likizidi sana, na hakirudi chenyewe. Kabla ya kukifikia, kata umeme kwenye breka, si kwenye swichi tu. Fungua bomba la moto la sinki: maji yakitoka mfululizo, tanki limejaa, yakitoka kwa kukohoa, lina hewa, na huenda limepasha bila maji, hitilafu ambayo matanki mengi yenye kioo huipa namba yake. Lijaze mpaka litulie. Liache lipoe, ondoa kifuniko, bonyeza kitufe kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki mpaka usikie "tik". Usiposikia, bado lina moto au halikuwa limekata. Siku chache baadaye likikata tena, thamostati imekwama. Nunua thamostati, bei yake haikaribii bei ya tanki. Namba ya sensa haiponi kwa riseti: ama waya wake umelegea au sensa imekufa. Koili ya kilowati 1.5 isome karibu omu 35.

Nitoe wasiwasi mmoja: maji yanayodondoka kwenye valvu ya usalama tanki likipasha si hitilafu. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita, na lazima zitokee mahali. Kuna wanaoziba mdomo huo kwa kizibo. Tafadhali usizibe. Ni tanki la presha ndani ya nyumba yenye watoto.

*Hita ya gesi.* Ukifungua maji inagonga tik-tik-tik, inawaka. Kuna kijipini kwenye moto kinachohakikisha moto upo kweli. Kisipouona kwa sekunde chache, gesi inafungwa. Majaribio kadhaa yakishindikana, inajifunga. Kuriseti ni kufunga bomba, kusubiri gesi ipeperuke, na kufungua tena. Yenye kioo, zima na kuwasha kitufe au toa betri na uzirudishe. Kabla ya kuita mtu, fuata mpangilio huu: mtungi una gesi? Valvu imefunguka hadi mwisho? Betri ni mpya? Cheche ya uvivu ni betri. Cheche nzuri bila moto ni gesi au hewa kwenye mpira, hasa ukishabadili mtungi. Inawaka kisha inazima baada ya sekunde chache, kile kijipini kimepata masizi. Fundi akisugue kwa msasa laini. Nyumba za ufukweni zina jambo lao: wadudu wa ziwani hufuata mwanga, buibui huwafuata wadudu, na utando ndani ya vichomeo hufanya moto uwe wa njano. Moto wa njano, zima, ita fundi. Ukisikia harufu ya gesi hakuna riseti ya aina yoyote: funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi.

Hatari na matunzo

Hita ya bafuni na tanki zinaua kwa umeme, na dawa ni ethi iliyopimwa na kinga ya miliampea 30. Jaribu kitufe chake cha T kila mwezi. Tanki pia, kila linapowashwa, lifike nyuzi 60 hivi. Likiachwa vuguvugu muda mrefu huzalisha bakteria. Ndani lina fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu kwa niaba ya chuma, ikaguliwe kila baada ya miaka michache. Maji ya ziwa ni laini, hayaachi chokaa nyingi kwenye koili. Anayetumia kisima chenye chumvi ahesabu matunzo ya mara kwa mara zaidi.

Hita ya gesi inaua kwa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Isifungwe kamwe ndani ya bafu au chumba kilichofungwa, hata kama fundi anakuambia "dirisha lipo". Ikae nje, ukutani, chini ya kibanda kinachoikinga dhidi ya mvua na upepo wa ziwa wa mchana, ambao huzima moto na kukuletea namba za hitilafu zisizo na sababu nyingine.

Kwa hali yako

Mpangaji wa chumba na sebule, watu wawili, waya wa nyumba haujulikani: usianze na kilowati 5.5. Tanki dogo la lita 15 au 30 kwenye soketi iliyopimwa litakufaa, na ukihama unaling'oa. Ukiwa na hakika ya waya mnene na ethi, hita ya bafuni ya kilowati 3.5 inatosha kwa mtu anayeoga haraka.

Familia kubwa inayooga kwa kupishana asubuhi moja: gesi haiishiwi maji ya moto mradi mtungi upo, na umeme ukikatika mnaendelea kuoga. Iwepo presha na ukuta wa nje. Presha ikikosekana, tanki la lita 80 linalowashwa saa tisa usiku kwa taima.

Nyumba ya mlimani yenye simtanki fupi: tanki, au inua simtanki kwanza ndipo ufikirie nyingine.

Mteja wa D1 anayetaka kubaki D1: gesi, au hita ya umeme kwa mgonjwa na mtoto mchanga tu.

Nyumba yenye mzee anayebaki peke yake mchana: tanki, joto limewekwa na mtu mwingine, swichi nje ya bafu. Akute maji yako tayari, asilazimike kusoma kioo wala kusikiliza cheche.

Mwenye gesti au hosteli: changanya. Tanki kwa kila vyumba viwili, na aina moja ya kampuni kwa jengo zima, ili mhudumu wa zamu ajifunze orodha moja ya namba na ujue thamostati na koili gani za kuweka stoo. Mpe mhudumu ruhusa ya riseti moja, daftari la kuandika chumba, saa na namba iliyotokea, na simu ya fundi.